Kitufe Chini ya Meza ya Kukatia

Siku hizo kompyuta zilikuwa nzito na mapenzi yalikuwa mepesi. Mtaalamu wa mitandao alikuwa akitoka soko la mitumba, amekumbatia kompyuta kuukuu kifuani, alipomgonga msichana mshonaji aliyebeba jora la kitambaa cha zambarau. Wakaanguka wote wawili, kwa heshima zote.

"Kaka, hilo jeneza la nani?"

"Pole, dada. Si jeneza, ni seva."

"Marehemu Seva. Mungu amrehemu."

Alivaa gauni la njano lenye mifuko mikubwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mtaalamu akasahau njia ya kwao.

Mapenzi yakakolea. Mtaalamu alipopata kazi mji wa mbali, jeneza lilihamia chini ya meza ya kukatia, chumbani kwa mshonaji. Mtaalamu alilijaza programu za bure za kuongea kwa video, ambazo watu asiowajua waliziandika wakaziacha wazi kwa yeyote.

"Kwani simu haitoshi?"

"Sitaki kampuni isikilize ninavyokubembeleza, laazizi. Hii ni mshenga wetu. Inatukutanisha, kisha inakaa kando, tunaongea wawili tu."

"Mshenga anakoroma."

"Ni feni. Ila umeme ukikatika ukarudi, haiwaki yenyewe. Lazima ubonyeze kitufe, ndipo chumba chetu cha mtandaoni kifunguke."

"Kumbe mshenga wa kuamshwa!"

Jioni hizo zilikuwa tamu. Cherehani ikinguruma, pasi ikitoa mvuke, na mshonaji akimcheka mtaalamu kwa kuvaa shati lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Mpaka jioni ile alipoacha kucheka akauliza, "Mpenzi, utanioa lini?"

Mtandao ukasita. Picha ikaganda mtaalamu akiwa amefumba macho, mdomo wazi.

"Nakuuliza habari ya maisha yangu, unapiga mwayo?"

Mshonaji akaifunga kompyuta yake ndogo. Simuni pia akaifungia namba ya mtaalamu.

Mtaalamu aliomboleza kwa utaratibu: aliacha kunyoa, akaacha kula, kisha akala chakula cha siku mbili. Kila jioni aliingia kwenye chumba chao cha mtandaoni, akakikuta wazi, kitupu. Akakitazama kama mtu anayechungulia sebule ya nyumba aliyohama.

Siku moja dada yake, aliyeishi mtaa mmoja na mshonaji, akampigia kutoka nyumbani.

"Huku umeme unatutesa. Unakatika kila siku, hata pasi hatupigi."

"Kila siku?"

"We kiziwi? Kila siku, mtaa mzima!"

"Dada, nakupenda!"

"Umelewa?"

Akapanda basi la kwanza. Umeme ulikuwa ndio umerudi alipofika. Akamkuta mshonaji amepiga magoti, kichwa kiko chini ya meza.

"Unatafuta nini huko?"

Mshonaji akajigonga kichwa. "Sindano."

"Sindano yenye taa ya kijani?"

Feni ikaanza kukoroma.

"Umeme unakatika kila siku," mtaalamu akasema, "lakini kila jioni nilikikuta chumba chetu kiko wazi. Kuna mtu alikuwa anabonyeza kitufe."

"Namwamsha mshenga. Yeye hajanikosea. Aliyepiga mwayo ni wewe."

"Haukuwa mwayo! Nilikuwa naanza kusema 'hata kesho.' Mtandao ukaniganda mdomoni."

"Sema tena, nione."

"Hata kesho."

Mshonaji aliukagua mdomo ule kwa makini, kama anayekagua mshono.

"Kweli unafanana na mwayo." Akavua futi shingoni, akamzungushia kifuani. "Simama wima. Suti ya harusi haishonwi kwa kukisia."