Supu ya Nyuma ya Jiko

Harufu ilianza mchana, siku ya tatu tangu Zaitun atoke hospitali: supu ya mifupa, nzito, yenye ndimu, wakati jikoni kwa mama yake, Hamida, hapakuwa na hata kipande cha nyama. "Ni majirani hao," alisema mama, ingawa pale Msalato jirani yake wa karibu ni wa kumwita kwa simu.

Zaitun alikuwa na miaka ishirini na miwili, na selimundu ilikuwa imemla nyonga mpaka akawa anatambaa kwenda chooni. Madaktari wakamwekea nyonga ya chuma. Mfupa uliobaki ulikuwa mwembamba. Ukikishika chuma, walisema, atatembea, usipokishika hapatakuwa na pa kuwekea kingine. Hamida aliomba apewe kichwa cha mfupa kilichokatwa, kwa sababu kiungo cha mtu huzikwa, hakitupwi. Akakifukia nyuma ya jiko, akisema bismillahi.

Siku ya tano Zaitun alimshika mama yake mkono. "Mama, kuna mtu anafyonza uboho chini ya kitanda." Hamida aliinama, asione kitu, lakini na yeye alisikia, mfyonzo mrefu wa mtu mwenye njaa asiye na haraka, ukikoma, mfupa ukigongwa sakafuni, ukianza tena, adhuhuri kweupe, huku kuku wakiwa wamelikimbia jiko na kujibana wote mlangoni.

Shehe Abbasi aliitwa kutoka Kondoa. Akafukua. Mfupa ulikuwa mweupe, umelambwa.

"Ulipoufukia ulisema nini, mama?"

"Bismillahi, shehe. Kama nilivyofundishwa."

Shehe aliteremsha sauti. "Mfupa uliotajiwa jina la Mungu ni chakula cha majini. Umemwandalia mmoja wao, naye hamsahau aliyemwandalia."

Alisoma siku tatu, akauzika makaburini. Harufu ikaisha. Zaitun akafika mlangoni kwa magongo, akacheka, na Hamida akalia kwa furaha.

Wiki ya sita, Daktari Ernest aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu. "Chuma kiko sawa," alisema taratibu. "Mfupa unaokishika ndio unaisha. Sijui unakwenda wapi."

Hamida alijua. Kila asubuhi alipomwosha mwanawe, kiganja kikiwa juu ya nyonga, alianza kwa neno lile lile, bismillahi. Sasa lilimjia tena ulimini, kwa mazoea tu, akaliuma, akabaki hana neno jingine la kumwombea mtoto.

Daktari alinusa hewa, akainuka kufungua dirisha. "Nani kaleta supu humu?"