Ukurasa wa Tatu Ambao Scola Hakuusoma

Kila siku akitoka shule, Scola alipitia pampu ya maji, akajaza ndoo, kisha akaenda kumpokea dada yake mkubwa mtoto wake. Alikuwa darasa la sita hapo kijijini Katumba. Dada yake, Evaline, hakusoma. Scola akiwa na miaka mitano, mama yao alifia uzazini, kwa kuwa dawa zilikuwa zimeisha na gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Evaline ndiye aliyebaki nyumbani kumlea Scola. Sasa naye alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Nashon.

Wiki hiyo walikuja watafiti. Walitaka wanawake wanaonyonyesha wameze vidonge vipya vya kukinga malaria na wapimwe damu, ijulikane kama vidonge vinawafaa wao na watoto. Baba yao, mzee Bartolomeo, alinung'unika kwamba dawa ya kutibu haipatikani, ya kujaribia imekuja na gari. Pale pampuni wanawake walibishana. Immaculata alisema damu inayochukuliwa inauzwa. Mwingine alisema mumewe yuko machimboni, hawezi kukubali bila yeye. Marsela, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, aliuliza: wasipopimwa wao, watameza dawa kwa kubahatisha mpaka lini?

Watafiti waligawa karatasi za kurasa nne, wakasema zikasomwe nyumbani, wakapanda gari lao.

"Nisomee, mdogo wangu. Yote," Evaline alisema jioni.

Scola alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Nje wenzake walikuwa wanacheza mpira wa rede.

"Mwalimu mkuu, funga shule tucheze," mmoja alimtania.

Akakunja karatasi. "Imeisha, dada. Iliyobaki ni sehemu ya sahihi."

Kesho yake Evaline akaenda zahanati, akaweka dole gumba kwenye fomu ya watafiti, akapewa vidonge.

Siku ya tano ya kumeza vidonge, kizunguzungu kikamshika. Akatapika, chakula kikamshinda, maziwa yakapungua. Nashon akalia mpaka sauti ikakauka. Marsela akamshauri aache vidonge, lakini Evaline akatikisa kichwa.

"Nimeshaweka dole. Baba aliweka dole kwenye chama cha tumbaku, nani alimruhusu kujitoa kabla zao halijanadiwa? Nikitoka, siku nikimpeleka mtoto kliniki watanifukuza."

Scola alisikia. Akaitoa karatasi chini ya godoro, akasoma ukurasa wa tatu. Ulisema anayetapika au kupata kizunguzungu arudi zahanati mara moja. Ulisema mwanamke anaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na kliniki ataendelea kuhudumiwa. Scola akairudisha karatasi mahali pake, akanyamaza siku nzima kwa hofu ya fimbo.

Jioni alimwona dada yake akishika ukuta ili afike mlangoni. Ndivyo mama alivyotembea siku ile ya mwisho. Scola alikuwa hajasahau.

"Dada, nilikudanganya. Karatasi haikuwa imeisha."

Evaline hakumpiga. Alikaa chini, akasomewa mpaka mwisho, machozi yakimtoka kimya.

Asubuhi baba akawapeleka zahanati. Muuguzi Bernadetha aliwapima, akamwachisha Evaline vidonge, akamwambia aendelee kunyonyesha na anywe uji kwa wingi. Mtoto hakuwa na ugonjwa, ila njaa. Maziwa yalichukua wiki mbili kurudi.

Asubuhi hiyo mtafiti mmoja alikuwepo hapo zahanati. Baba akamgeukia.

"Nyie mlijua binti yangu hajui kusoma. Dole lake mlilichukua. Mbona masikio yake hamkuyatafuta?"

Mtafiti aliangalia viatu vyake, akasema muda ulikuwa mdogo.

"Huenda ningesomewa yote ningekubali vilevile," Evaline alisema taratibu. "Marsela hajakosea, lazima wapatikane wa kupimwa. Lakini ningekuwa nimekubali mimi mwenyewe, nikijua."

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani baba akasimama.

"Scola, wakubwa wametukosea, na nitawasema mpaka nife. Lakini kosa lao halifuti lako. Asiyejua kusoma akikupa karatasi, amekukabidhi mwili wake. Ukimficha hata mstari mmoja, umeshakuwa mmoja wao."

Jioni Marsela alikuja na karatasi yake, naye asomewe. Wenzake Scola waliita kutoka uwanjani, wakachoka, wakaacha. Scola alisoma kurasa zote nne, na ule wa tatu akaurudia.