Kanichubua kwa Kompyuta

— Umenichubua!

Mpiga picha aliinua kichwa. Mchumba wake alikuwa amesimama mlangoni mwa studio, mkoba begani, simu mkononi, na hakuonyesha dalili yoyote ya kukaa.

— Nimekufanyaje?

— Umenichubua kwa kompyuta. Mimi, ambaye sijawahi kuuza krimu ya kujichubua hata siku moja dukani kwangu, leo wateja wameiona picha kwenye simu yangu wakanicheka. Eti kumbe za kwangu nimezificha nyumbani. Hebu tazama!

Alimsogezea simu mpaka puani. Ilikuwa picha ya kadi yao ya harusi, ambayo mpiga picha aliituma asubuhi kwenye kundi la familia. Kwenye kioo cha simu ile, bibi harusi mtarajiwa alikuwa amepauka kama kanga iliyoanikwa juani msimu mzima.

— Haki ya Mungu, sijagusa ngozi yako.

— Na mama yako naye kaota? Sikiliza alivyoandika: "Sasa mkwe wangu amependeza. Amekuwa mweupe, ametakata. Kazi nzuri mwanangu." Na chini yake wewe umeweka nini?

Mpiga picha akainama kuitazama simu.

— Umeweka moyo! Moyo mwekundu!

Moyo ni kweli aliuweka. Alikuwa katikati ya kazi ya mteja, akaona "kazi nzuri", akabonyeza bila kusoma yaliyotangulia. Watu wenye shughuli nyingi hufanya hivyo kila siku, ila si kila siku mchumba huwa anasoma.

— Niliona nimesifiwa, nikabonyeza tu.

— Basi mimi naondoka tu. Siolewi na mtu anayeuonea haya weusi wangu.

Alishaanza kuivuta pete. Ilikuwa inambana kidogo, na hapo mpiga picha akapata nafasi ya kusema.

— Tazama kitu kimoja kwanza. Ukishaona, pete iache mezani, sitakufuata.

Akageuza skrini ya kompyuta. Picha ile ile ilikuwa wazi katika programu yake ya kazini, na mwanamke aliyekuwa ndani yake alikuwa mweusi wa kuiva, mashavu yanang'aa, gauni la rangi ya machungwa limemkubali. Kisha akaifungua tena pembeni, kwa programu nyingine ndogo ya kutazamia tu. Hapo akapauka.

— Umeibadilisha sasa hivi!

— Ni faili lile lile. Soma jina.

Akasoma la kulia, akasoma la kushoto. Yalikuwa sawasawa.

— Sasa mbona hawa ni watu wawili?

— Picha hubeba maelekezo yake ya rangi. Programu yangu huyasoma. Hii nyingine haiyasomi, inakisia. Na simu yako imefanya vivyo hivyo. Halafu kila kioo nacho kina mambo yake, kingine kinakoleza, kingine kinaleta umanjano.

— Kwa hiyo kosa ni la simu yangu?

— Hapana, ni langu. Hilo ni faili la wachapaji wa kadi, lina rangi nyingi kuliko zile simu inazozijua. Nilitakiwa kutengeneza nakala nyingine ya kutuma. Sikutengeneza, nilikuwa na haraka ya kuringa nawe.

Mchumba alisogea mezani. Alikuwa anatazama picha ndogo ya karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini. Ilikuwa yake, anacheka nyuma ya kaunta ya duka.

— Hii nayo ya nini hapa?

— Kipimo. Skrini huhama rangi kadiri inavyozeeka. Kila asubuhi nakulinganisha wewe wa kwenye karatasi na wewe wa kwenye skrini. Mkifanana ndipo naanza kazi za watu. Ningekuchubua wewe, wateja wangu wote wangetoka hapa wamechubuka.

Nusura acheke. Akajizuia, maana jambo lenyewe lilikuwa bado.

— Ya mashine nimeyaelewa. Ule moyo je? Nao umewekwa na programu?

Mpiga picha akamtazama, kisha akachukua simu yake, akaufuta ule moyo, akampigia mama yake, akaweka spika.

— Mama, ile picha rangi zake zimeharibika.

— Zimeharibika wapi? Nimeshamwonyesha shangazi yako!

— Mchumba wangu hana rangi ile. Na mimi simtaki na rangi ile.

— Ala! Mimi nasifia, halafu nagombezwa?

— Umemsifia mtu asiyekuwepo, mama. Ule moyo nimeutoa, na kosa ni langu. Nakutumia picha yake halisi, ndiyo itakayokwenda kwenye kadi.

Mama akashusha sauti.

— Mkwe yupo hapo?

— Nipo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Nimekuudhi?

Wengi hapo wangesema hapana. Yeye akaisogelea simu.

— Imeniuma, mama. Imeniuma sana.

— Basi nisamehe, mwanangu. Ulimi hauna mfupa... hata ule wa kuandika kwa kidole. Na huyo fundi wako aitume hiyo picha upesi, shangazi yake asije akaisambaza ile nyingine.

Nakala ya simu ikatengenezwa, ikajaribiwa kwenye simu zote mbili, ikatumwa. Jibu halikuchelewa: "Huyu ndiye ninayemjua." Pete ikarudishwa mpaka mahali pake, na safari hii haikuvutwa tena.

Siku ya harusi, mpiga picha alikuwa bwana harusi, kwa hiyo kamera ilishikwa na mwenzake wa kazi. Kabla hajapiga hata moja, mama mkwe akamvuta shati.

— Wewe, za kuchapa na za simu zihifadhi mbalimbali. Ukinichubulia mkwe, hatutaelewana!

Bibi harusi akacheka mpaka hereni zikacheza, na hapo ndipo kamera ikabonyezwa. Picha hiyo ndiyo iliyobandikwa siku hizi pembeni mwa skrini.