Pikapu ya Ng'ambo na Waranti Yake

Siku ile mjinga alikuwa Amoni. Mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo pale Mpuguso, Rungwe, akipakia ndizi, atakwambia bila aibu: "Siku ile, ndugu yangu, nilikuwa mjinga wa kupimwa kwa debe." Basi na sisi tumsimulie hivyohivyo, maana wajinga wa siku moja tuko wengi, na wengine bado hatujashikwa.

Amoni ni mkulima. Ana migomba, ana chai kidogo, na ana pikapu nyeupe. Pikapu hiyo aliinunua Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa Mmalawi aitwaye Nelson. Nelson aliinunua ikiwa mpya kwa wakala wa kampuni, akaiendesha miezi kumi, kisha akapata kazi mbali na kuamua kuiuza. Amoni akaivusha mpaka wa Kasumulu. Alilipa ushuru wote, akapewa namba za Tanzania, akaingia kijijini akipiga honi mpaka kuku wa jirani wakakimbilia migombani.

Miezi saba ilikwenda vizuri. Alfajiri pikapu ilibeba maziwa ya akina mama kuyapeleka kituoni. Mchana ilibeba ndizi. Ili ibebe nyingi zaidi, Amoni aliongeza springi nyuma, kama wafanyavyo wabeba ndizi wote wa huko.

Halafu usukani ukaanza vituko. Leo mwepesi, kesho mzito kama unageuza jiwe la kusagia. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya njano yenye picha ya usukani.

Amoni akampelekea shemeji yake, Asajile, ambaye ni fundi. Asajile aliitazama ile taa kwa makini.

"Hii inakukera tu, shemeji," akasema.

Akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa.

"Haya. Imepona."

Na Amoni akamlipa! Huo ndio ujinga wa kwanza. Usicheke mapema, upo wa pili.

Wiki mbili baadaye usukani uligoma kabisa kwenye kona ya mteremko. Pikapu ikaacha njia, ikaenda kulala kwenye shamba la chai. Hakuumia mtu, ila chai hiyo ilinyweshwa maziwa ya akina mama sita ikiwa bado shambani. Pikapu ikavutwa hadi Mbeya, kwenye karakana kubwa ya kampuni iliyoitengeneza.

Fundi wa karakana akaingia ndani ya gari. Akatoka ameshika ile tepu kwa vidole viwili.

"Nani kalifunga gari bandeji?" akauliza kwa sauti.

Ofisi nzima ikacheka. Amoni akajiona amepungua urefu.

Kijana wa mapokezi, Erasto, akafuta machozi ya kicheko. "Mota ya usukani imekufa, mzee. Gari ulilinunua wapi?"

"Karonga."

"Aa! Hilo ni la Malawi. Hapa halina waranti. Kadai hukohuko."

"Lakini kampuni si hii hii?"

"Mzee, kila nchi na mambo yake. Halafu umeongeza springi. Umebandika tepu. Hata ungelinunua hapa mlangoni, hupati kitu. Saini hapa tukuagizie mota, utalipia mwenyewe. Na vitu vyako vilivyomo ndani vitoe."

Amoni anajua kusoma. Gazeti hulisoma mpaka ukurasa wa matangazo. Lakini kicheko kikiwa nyuma ya mgongo wako, herufi hukimbia. Alitaka tu kutoka mle ndani. Akasaini bila kusoma. Huo ndio ujinga wa pili. Akatia vitu vyake kwenye kiroba, akapanda basi la kurudi.

Alimkuta mkewe, Elina, akikamua.

"Limepona?"

"Mota ya usukani imekufa. Inaagizwa."

"Kwa hela ipi?"

Amoni akamtazama ng'ombe. Elina naye akamtazama ng'ombe, kisha mumewe, kisha akaweka ndoo chini.

"Baba Lilian, usimtazame ng'ombe wangu namna hiyo."

"Prosper wa Kiwira alishamtaka siku nyingi. Nimempigia simu. Atakuja Jumamosi."

"Umempigia simu! Na Lilian akirudi chuo atasomeshwa na nani? Na migomba itapata wapi mbolea? Huyu ng'ombe ndiye ada ya mwanao."

"Sasa nifanye nini, mke wangu? Wamesema hatuna waranti. Waranti iko Malawi."

"Ngoja nielewe," alisema Elina. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Amoni anaiogopa zaidi ikiwa ndogo. "Gari wamelitengeneza wao. Kifaa kilichokufa ni chao. Halafu anayeadhibiwa ni ng'ombe?"

"Ndivyo walivyosema."

"Imeandikwa wapi?"

Amoni hakuwa ameuliza hilo.

Elina akachukua kile kiroba, akakimwaga chini. Ikadondoka kamba, ikadondoka jeki, ikadondoka bahasha ya nailoni. Ndani ya bahasha kulikuwa na kitabu chembamba chenye mihuri.

"Hiki nini?"

"Karatasi za Kiingereza tu. Nelson alinipa, akasema nizitunze."

"Na wewe ukazitunza chini ya jeki. Kesho tunakwenda kwa Shamsia."

Shamsia ana duka la vipuri mjini Tukuyu. Kabla ya kuolewa na Rahim alifanya kazi mapokezi kwa wakala wa magari Dar es Salaam, miaka tisa. Anayajua magari, na anawajua zaidi watu wa mapokezi.

"Karibuni! Baba Lilian, mbona umekuja na uso wa msibani?"

Elina alimweleza yote. Hakuficha hata tepu. Shamsia alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akafungua kitabu na kicheko kikamwisha.

"Sikilizeni. Watu wanachanganya waranti mbili. Muuzaji akikwambia 'likikusumbua nirudishie', hiyo ni ahadi ya dukani kwake. Huwezi kuivusha mpaka. Lakini hii ni ya mtengenezaji. Kiwanda chenyewe kimeahidi: kifaa kikifa kwa kasoro ya kiwandani, kinabadilishwa bure. Hii yenu ni miaka mitatu au kilomita laki moja, kinachotangulia. Gari lina muda gani?"

"Mwaka na miezi mitano," alisema Amoni. "Kilomita elfu arobaini."

"Basi bado liko ndani. Swali ni nchi. Kampuni nyingine huandika nchi moja tu, na hapo hata mimi ningekwambia uuze ng'ombe. Ndiyo maana kinachosomwa ni kitabu, si sura ya kijana wa mapokezi."

Akafungua ukurasa wa katikati, akamsogezea Elina.

"Mama Lilian, soma."

"Mimi? Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu."

"Wewe soma tu."

Elina akaweka kidole juu ya karatasi. Yalikuwa majina, yamepangwa kama mahindi kwenye matuta. Kidole kikashuka polepole. Kikapita Botswana. Kikapita Kenya. Kikapita Malawi na mengine chini yake. Karibu na mwisho kikasimama.

"Tanzania," akasoma. Akarudia. "Tanzania. Hili nalijua! Dada Shamsia, wametuandika humu!"

"Wamewaandika. Gari lolote lenye kitabu hiki linatengenezwa kwa waranti kwenye karakana ya kampuni katika nchi hizo zote."

Amoni akakivuta kitabu kwake. "Kwa hiyo yule kijana anajua?"

"Kama hajui, ni mzembe. Kama anajua, amekuibia. Chagua mwenyewe."

"Lakini mimi si mnunuzi wa kwanza."

"Hapa pameandikwa waranti inafuata gari, haimfuati mtu. Toa kadi ya gari."

Wakalinganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile ya kitabuni, tarakimu moja baada ya nyingine, Elina akisoma na Amoni akifuatisha. Zilikuwa sawa zote.

"Namba za nje zilibadilika mlipovuka," alisema Shamsia. "Ya chasisi haibadiliki popote. Ndiyo kitambulisho cha gari. Sasa mihuri ya servisi. Ya Nelson ipo yote. Ya kwako iko wapi?"

"Alinifanyia Asajile."

"Na muhuri wake?"

"Asajile ana spana, dada. Muhuri autoe wapi?"

"Hapo sikufichi, umekosea. Injini ingekufa leo wangekuuliza oili ilimwagwa lini na nani, na ungekosa jibu. Na springi ulizoongeza, siku ekseli ikipinda usifungue mdomo. Lakini mota ya usukani haijui oili wala springi."

"Na tepu?"

"Tepu ni aibu tu, Baba Lilian. Tepu haikuiua mota. Ila ilitaka kukuua wewe. Ile taa ilikuwa inakuita, wewe ukaiziba mdomo."

Amoni akainama. "Na nilisaini."

"Ulikubali bei, na kazi haijaanza. Tunaandika barua. Unafuta kukubali huko, unadai matengenezo ya waranti. Nakala mbili. Moja wabaki nayo, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo. Wakikataa, waandike sababu na ukurasa. Ya mdomoni kesho wanakuruka. Wakikataa na kuandika, anwani ya kiwanda iko nyuma ya kitabu, na malalamiko ya wateja yanapokelewa pia na Tume ya Ushindani."

Wakaandika. Wakatoa nakala za kadi, za karatasi za ushuru na za kitabu.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Prosper angekuja kesho yake kuchukua ng'ombe. Amoni na Elina walifika karakana mlango ukifunguliwa.

"Mzee," alisema Erasto, "si ulishasaini?"

"Nimekuja na barua ya kufuta. Ipokee, ugonge muhuri."

"Lakini nilishakwambia, gari hili ni la—"

Elina akafungua kitabu juu ya meza. Akaweka kidole palepale.

"Bwana mdogo, hapa pameandikwa nini?"

Erasto akatazama.

"Soma kwa sauti. Juzi mlicheka kwa sauti."

"Tanzania," alisema Erasto.

"Sijasikia."

"Tanzania, mama."

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye viti wakageuka. Meneja, Bwana Jacob, akatoka ofisini kwake. Akaisoma barua. Akakisoma kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta tundu la kutokea. Mwishowe akapata moja.

"Gari limeongezwa springi, mzee. Hilo linavunja masharti."

Safari hii Amoni hakupungua urefu.

"Springi niliongeza mimi. Ni kosa langu, nitazitoa. Wewe niandikie hapa kwamba springi za nyuma ndizo zilizoua mota ya usukani. Weka na jina lako."

Bwana Jacob akamtazama fundi. Ni yuleyule wa bandeji.

"Hapana, bosi," fundi alisema, akikuna kichwa. "Haihusiani. Nimeifungua. Waya wa ndani haukuunganishwa vizuri tangu kiwandani."

Kumbe walikuwa wanajua! Walijua tangu siku ileile, wakamwacha mtu arudi kwao kuuza ng'ombe. Amoni alitamani kuipindua ile meza. Badala yake akasukuma nakala yake mbele, na Erasto akagonga muhuri.

Prosper alikuja Jumamosi. Alipewa chai na ndizi za kuchemsha, akaondoka na kamba yake mkononi.

Mota ilichukua siku kumi na nane kufika. Siku ya kuchukua gari Amoni alipewa karatasi ya kusaini. Akavuta kiti, akaisoma mstari kwa mstari, watu wamepanga foleni nyuma yake. Kwenye nafasi ya malipo paliandikwa sifuri. Ndipo akasaini. Springi alikuwa ameshamwambia fundi azitoe, na tarehe ya servisi ijayo ikaandikwa kitabuni, hapohapo karakana, kwa muhuri. Asajile bado ni shemeji yake mpendwa, lakini dashibodi haruhusiwi hata kuipangusa.

Bwana Jacob akawasindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa mpole kama siku ya harusi.

"Mama, mkifika huko Rungwe mtuseme vizuri. Si mnaona tumewasaidia?"

Elina alikuwa ameshakaa. Akashusha kioo.

"Msaada tunaomba kanisani, baba. Hapa tulikuja kuchukua tulichokinunua."