Mwenye Jina la Hosea

Maziwa yalianza kuchacha juma lile Nadine aliposimamisha jiwe. Leota aliyanunua asubuhi, na kufikia alasiri yalikuwa yameganda ndani ya friji. Akailaumu friji. Fundi akaja, akasema friji ni nzima, akaondoka ameziba pua.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kaburi la babu wa babu yao, Hosea Stidham. Katika vilima vile vya Kentucky kila ukoo una mtu wake wa kuchimbua wahenga, na kwa akina Stidham mtu huyo alikuwa Nadine, mdogo wake Leota. Tangu astaafu kazi ya posta hakuwa na habari nyingine. Leota alikuwa akimsikiliza huku anamenya viazi, kwa kuwa viazi angalau vilikuwa na mwisho. Hosea aliyesimuliwa na bibi yao alikuwa mchunga nyumbu, aliyekwenda kwenye vita vya Wamarekani wa kaskazini na wa kusini kubeba mahindi ya wanyama, akarudi na kikohozi. Hosea wa Nadine alikuwa kapteni. Kila ukoo ulipokutana alipanda cheo.

Kumbukumbu za zamani zilimpa Hosea miaka miwili tofauti ya kuzaliwa. Nadine alisema makarani wa enzi zile walikuwa walevi, akachagua mwaka uliotangulia, maana huo ulimpa umri wa kufaa ukapteni. Jiwe likachongwa hivyo, jeusi, refu kuliko mtu. Lilipoyumba, mafundi walitafuta kabari, na Nadine akawaonyesha kijiwe kisicho na maandishi kilichosimama kando ya kaburi.

"Chukueni hicho," alisema. "Si cha mtu."

Kendra, binti yake Leota, alikuwa amejifungua majira ya baridi, na mama mdogo Nadine alimganda mpaka mtoto akaitwa Hosea. Leota aliuliza kama hakukuwa na nyumbu mwenye jina zuri zaidi. Hakuna aliyecheka, naye akayaacha hayo, kwa sababu mtoto aliishi kwake na alimpenda kwa jina lolote.

Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kugeuka akiitwa. Baada ya jiwe kusimama, akaacha. Akaacha na kunyonya vizuri. Mdomoni mwake ukaota utando mweupe, na mwili ukawa mwepesi mikononi, mwepesi zaidi kila alipobebwa.

Alasiri moja Leota alikuwa ameketi jikoni, mtoto amelala kifuani pake, Kendra akianika nguo nje.

"Hosea kaamka?" Kendra aliuliza kutoka uani.

Kikaitika kitu chumbani. Ilikuwa sauti ya mtoto mchanga aliyefurahi kuitwa, ikitoka chini ya kitanda kitupu, na Leota, ambaye maisha yake yote alikuwa amewacheka watu wa kuona mizuka, alikaa pale akimkumbatia mjukuu wake aliyekuwa kimya na baridi, akasikia ile sauti ikitoka chini ya kitanda, ikitambaa juu ya mbao za sakafu kwa viganja vidogo vyenye unyevu, ikija taratibu kuelekea jikoni pamoja na harufu ya maziwa yaliyochacha na udongo uliofukuliwa, hadi ikasimama mlangoni, mahali ambapo hakuona kitu, na hapo ikaguna kama mtoto anayeomba kubebwa.

Kesho yake walimpeleka mtoto kwa Bi Ocie Turnmire. Huyu hakuwahi kumwona baba yake, aliyefia mgodini kabla yeye hajazaliwa, na kwa ajili hiyo watu waliamini pumzi yake huponya, wakampelekea watoto wenye utando mdomoni awapulizie. Leota alikuwa akiudharau mpulizo huo tangu ujana wake. Safari hii alivua kofia ya mtoto mwenyewe.

Bi Ocie akapuliza. Akasikiliza. Akapuliza tena.

"Hawa wanaitwa nani?" aliuliza.

"Hawa wapi, Bi Ocie? Ni mmoja," Kendra alisema.

"Nimempulizia mmoja. Wanapumua wawili."

Aliposikia jina, alitikisa kichwa. Akawaeleza kwamba zamani mtoto akifa, jina lake alipewa atakayefuata, kama koti ambalo bado lina kazi. Kwao pia ilikuwa hivyo.

"Mimi ni Ocie wa pili," alisema. "Ila yule wa kwanza tulimwachia kijiwe chake. Wa kwenu mmemfanya nini?"

Leota akakikumbuka kile kijiwe kilichofanywa kabari. Miaka miwili ya kuzaliwa ilikuwa ya watoto wawili, na Nadine, kwa uroho wa kupata kapteni, alikuwa amewafanya mtu mmoja.

"Aliyemnyang'anya ndiye amrudishie," Bi Ocie alisema. "Kwa mdomo wake, palepale. Msichelewe. Huyu wenu anamezwa."

Nadine alipopigiwa simu alicheka. Kapteni hawezi kufutwa na bibi wa utando, alisema. Jumapili ilikuwa siku ya kupamba makaburi, jamaa walikuwa wanatoka majimbo matatu, na yeye alikuwa na hotuba.

Jumapili ikafika. Kuku wa kukaanga walikuwa mezani chini ya miti, jamaa wameshika sahani, na Nadine amesimama mbele ya jiwe lake. Leota alipita katikati yao na mtoto, ambaye tangu alfajiri hakuwa amefumbua macho.

"Ndugu zangu," Nadine alisema, "huyu ndiye Hosea Stidham."

Chini ya jiwe kitu kikaitika, kwa furaha, na mezani kila bakuli la krimu likachacha kwa pamoja. Watu waliweka sahani chini bila kuambiana.

"Mrudishie," Leota alisema polepole.

"Dada, nitasema nini mimi?"

"Jina lake. Vyeo vyako kaa navyo."

Nadine akapiga magoti na gauni lake jipya. Akakiinamia kile kijiwe chini ya jiwe. "Hosea ni wewe," alisema. "Wewe peke yako. Hakuna mwingine."

"Na wangu ni Lowell," Kendra alisema. "Lowell, unanisikia?"

Wanaume waliliangusha jiwe jeusi kwa mitaimbo. Leota alikitoa kijiwe kwa mikono, akakisimamisha mahali pake, akakifuta udongo kwa upindo wa sketi. Nyuma yake Lowell alilia, kilio cha njaa, na Kendra akakaa palepale kwenye nyasi kumnyonyesha.

Maziwa ya Leota hayakuchacha tena. Jiwe jeusi lililala pale lilipoanguka, na waliokwenda kulitazama walisema limekuwa laini kama sahani, halina herufi hata moja.

Jioni moja simu ikalia. Alikuwa Nadine, akinong'ona.

"Dada, kuna mwanamume barazani kwangu. Ana buti za matope. Ananuka nyumbu."

"Anataka nini?"

"Anauliza yeye ni nani." Kulikuwa na kishindo kizito kwenye mbao, kisha kingine. "Anauliza tena na tena. Nimjibu nini?"

Leota alimtazama Lowell, aliyekuwa akicheza na vidole vyake sakafuni.

"Si wewe unayemjua?" alisema. "Mwambie."

Akakata simu.