Fundi Rangi na Vidonge Vyake

Mume wangu ni fundi rangi. Kutwa yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, anaimba kwa sauti yake mbaya. Mwaka jana alipatikana na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku.

"Usiache hata ukijisikia mzima," alimwambia.

Vidonge vilimsaidia, ila misuli ya miguu ikawa inamkaza. Siku moja ilimkaza akiwa juu ya ngazi, nusura aanguke. Shangazi yake akamletea mizizi iliyochemshwa. Baba watoto akaacha vidonge bila kuniambia, akawa anakunywa mizizi.

"Mke wangu, miguu haikazi tena! Shangazi kaniponya."

Nami nikafurahi. Kumbe!

Siku ya kupima damu akagoma. "Nipimwe nini? Mimi mzima kama chuma."

"Haya, chuma, vaa viatu twende."

Majibu yalipotoka, nesi hakutabasamu. "Kaka, ugonjwa umepanda sana. Vidonge unameza?"

Mume wangu akatazama sakafu, akasema yote.

"Miguu imeacha kukaza kwa sababu umeacha vidonge," nesi akasema. "Mizizi haikuponya kitu. Ukiendelea hivi, saratani itageuka kali, na hapo kuitibu ni kazi ngumu."

"Sasa nifanyeje, sista? Nianguke kutoka ngazini?"

"Ungetuambia! Misuli ikikaza, tunakusaidia. Dawa ikikushinda, daktari anaweza kukubadilishia. Mitishamba mingine hugombana na vidonge, mingine huumiza ini. Usinywe bila kutuuliza. Na damu lazima ipimwe, maana ugonjwa huu hupanda huku unajiona mzima."

"Jamani, shangazi ananipenda tu."

"Najua. Mwambie akupende na vidonge vyako."

Daktari akamrudishia vidonge, akamtibu misuli pia. Shangazi alipoelezwa alilia sana. Sasa yeye ndiye anayepiga simu kila siku: "Umemeza?" Asipojibiwa, anapiga tena. Hana mchezo, mama yule.

Damu ilipopimwa tena, ugonjwa ulikuwa umeshuka. Safari iliyofuata ukashuka zaidi.

"Nimepona?" mume wangu akauliza.

"Bado, kaka. Ila dawa inaushika vizuri. Endelea kumeza, endelea kuja kupimwa."

Tulipotoka nje alinishika mkono. "Mama watoto," akasema, "nilikuwa najiua huku nacheka."

Tukalia wote wawili, palepale mlangoni, watu wakipita.