Uzi Kwenye Nati

Kila alfajiri, baada ya sala, Mwajabu alimsindikiza baba yake kutoka nyumbani kwao Kinondoni mpaka kituo cha basi cha Magomeni. Baba, Mzee Sadallah, alibeba begani baiskeli iliyokunjwa na kutiwa ndani ya gunia. Mwajabu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alibeba pampu na chakula. Hawakuzungumza sana. Usingizi ulikuwa haujawatoka, na mchanga wa njiani ulivuta miguu.

Baba alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, katika zahanati ndogo ya Goba. Basi lilimfikisha Ubungo tu. Hapo alitoa baiskeli guniani, akaikunjua, kisha akashika njia ya vilima. Ilikuwa baiskeli ya askari wa miamvuli, wale wanaoruka kutoka ndegeni, moja ya vitu vilivyouzwa baada ya vita kwisha. Ilikunjika katikati kwa bawaba mbili, na kila bawaba ilikazwa kwa nati yenye masikio mawili, ambayo mtu huizungusha kwa vidole. Baiskeli nyingine hazikuruhusiwa ndani ya basi. Hii iliruhusiwa, mradi ikae guniani isije ikachafua kanzu za watu.

Kuisafisha ilikuwa kazi ya Mwajabu. Kila jioni alifuta mchanga kwenye bawaba, akapaka mafuta, akazirudisha nati. Lakini tangu mama yake, Bi Hamisa, ajifungue, kazi nyingine zote zilimwangukia yeye: maji ya bombani, kuni, nepi za mtoto, na chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Jana jioni alikuwa hoi. Alirudisha nati ya chini bila kuifuta mchanga. Ilipogoma, akachukua koleo na kuilazimisha. Ikalia “krr!” kisha ikawa inazunguka tu, haishiki. Meno yake yalikuwa yamelika.

Mwajabu aliketi chini akitaka kulia. Kisha akauona uzi ambao mama yake alishonea kofia. Akauzungusha kwenye bolti mara nyingi, akarudisha nati. Lo! Ikashika kama mpya. Hata mtu akiikaza kwa vidole asingejua.

“Tayari, mwanangu?” baba aliuliza kutoka kitandani.

“Tayari, baba.”

Sasa, alfajiri hii njiani, neno hilo lilimrudia kila hatua. Alijua kuwa uzi hauwezi kustahimili mitikisiko. Alijua mteremko wa Goba pia, kwa kuwa baba aliwahi kuwasimulia: mawe upande huu, korongo upande ule. Bawaba ikifunguka pale, baiskeli ingejikunja na mtu akiwa juu yake.

Kituoni basi lilikuwa tayari. Kondakta, Anselmo, alipokea gunia mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Mgonjwa wetu huyu,” Anselmo akalipigapiga gunia, “kila siku yumo guniani na hapati nafuu! Na nauli halipi!”

Abiria walicheka. Mzee Sadallah alitabasamu kidogo tu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. “Mwache alale,” akasema. “Mwenye bahati ni yeye.”

Akaingia. Anselmo akazunguka mbele na kuingiza chuma cha kuwashia injini. Mwajabu alisimama kando ya dirisha la baba; chakula alikwisha mpa, lakini pampu alikuwa bado ameishika.

Anselmo akazungusha mara ya kwanza. Injini ikakohoa, ikanyamaza. *Sema sasa,* Mwajabu alijiambia. Lakini watu walikuwa wengi. Wangesema mtoto wa Sadallah ni mwongo.

Mara ya pili. Injini ikanyamaza tena. *Yaa Rabbi, nipe ulimi.*

Mara ya tatu injini ikaunguruma. Anselmo akarukia ndani, na basi likaanza kwenda.

“Baba!” Mwajabu alitupa pampu chini, akakimbia, akapiga bati la basi kwa viganja. “Baba, shuka! Usiipande baiskeli! Nimekudanganya!”

Basi lilisimama. “Kuna nini tena?” mwanamke mmoja akalalamika. “Tutachelewa sokoni sie!”

Mzee Sadallah alishuka na gunia lake. Mwajabu alimweleza yote palepale, mbele ya watu: mchanga, koleo, uzi. Baba alimpungia dereva mkono, na basi likaondoka bila yeye. Lililofuata lingekuja saa nne. Huko Goba wagonjwa wangekaa na vidonda vyao wakimngoja.

Walikwenda kwa fundi wa baiskeli, Thuwaini, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa banda lake. Fundi alifungua nati, akavuta uzi ukatoka mrefu, akaguna.

“Nani huyu aliyeshona baiskeli kama kofia?”

“Ni mimi, babu,” Mwajabu akasema, macho chini.

“Ungempeleka baba yako kaburini, binti. Kwa uzi mzuri, lakini kaburini.”

Akapekua kopo lake mpaka akapata nati ya kawaida iliyolingana na bolti, akaifunga. Haikuwa na masikio, kwa hiyo akampa Mzee Sadallah na spana ndogo ya kuikazia.

Baba na mwana waliketi kwenye benchi la kituoni kungoja basi. Mwajabu alisubiri kofi, lakini halikuja.

“Ulichoka?” baba aliuliza.

“Sana, baba.”

“Mbona hukusema?”

“Wewe unachoka zaidi.”

Mzee Sadallah alimgeukia. “Hapo nami nina kosa langu,” akasema. “Kila jioni nimekuuliza kama baiskeli i tayari. Sijakuuliza wewe u hali gani. Tangu leo maji nitachota mimi nikirudi, mpaka mama yako apate nguvu. Baiskeli itabaki yako.”

“Bado utaniamini, baba?”

“Nati zimeharibika nyingi duniani, Mwajabu, na mafundi wapo. Kuchoka si dhambi. Mungu ametuumba tunachoka, akatupa na usiku. Ukichoka, sema, ‘Nimechoka.’ Ukiharibu, sema, ‘Nimeharibu.’ Kazi isiyokwisha humngoja mtu mpaka kesho, lakini uongo haungoji. Uongo wako ungepanda basi pamoja nami, ukanifuata mpaka mlimani. Umesema kwa kuchelewa, na aibu umeipata mbele ya watu. Lakini umesema nikiwa hai. Basi nitakuamini.”

Basi la saa nne lilipokaribia kufika, baba alimkabidhi spana. Mwajabu alilegeza nati mpya, akaikaza tena mpaka mwisho, akampa baba naye aijaribu. Kisha wakailegeza tena, wakaikunja ile baiskeli nzito, wakaitia guniani, wakainyanyua pamoja.